Gramu Tano za Shaba

Tani moja ya punje za ngano inapotoka shambani huondoka na takriban kilo 20 za nitrojeni. Huondoka pia na shaba, gramu tano hivi, kiasi cha kuenea kwenye kijiko cha chai. Mkulima wa kwetu anaijua nitrojeni kwa gunia lake, kwa bei yake, kwa foleni ya kuinunua. Shaba anaijua kwa waya wa umeme. Lakini shamba lililokosa zile gramu tano halitampa hiyo tani hata alimwagie nitrojeni ya mashamba matatu. Hilo la kumwagia ndilo lililonishikisha kalamu, kwa sababu nililiona likitendeka shambani kwetu, kisha nikaanza kuliona mahali pengi pasipolimwa ngano kabisa.

Kwetu ni upande wa Njoro, katika Bonde la Ufa, nchi ya ngano tangu enzi za walowezi. Kituo cha kuzalisha mbegu za ngano kilianzishwa Njoro mwaka 1927, na mpaka leo watafiti wa hapo wanahangaika na kutu na mbegu mpya kwa niaba yetu sote. Udongo wa huko hudanganya macho. Umetokana na majivu na changarawe za volkano, na baadhi ya changarawe hizo ni nyepesi hata ukizitupa ndani ya ndoo ya maji zinaelea. Mgeni akiufikicha mkononi husema hapa hata fimbo itaota. Fimbo labda. Ngano ina madai yake. Katika miaka ya 1960 watafiti walikwisha kuandika kwamba ngano ya sehemu kadhaa za Bonde la Ufa inaugua kwa kukosa shaba, na kwamba shaba kidogo tu inatosha kuiinua. Maandishi hayo yalibaki kwenye majarida. Sisi tulikuja baadaye, tukanunua vipande vyetu kupitia kampuni za kununua ardhi, na hakuna hati ya shamba inayoandika udongo umepungukiwa na nini.

Shamba la Baba lilikuwa na kona inayoteremkia korongo. Ngano ya pale ilikuwa inaota vizuri, inachipuza, inakuwa kijani kuliko hata ya jirani. Halafu ncha za majani machanga zinaanza kupauka na kujisokota. Masuke yanatoka meupe. Ukilifikicha moja kiganjani na kupuliza, hubaki na kitu. Kombaini ilipita pale ikinguruma vilevile, lakini tangi lake halikupanda hata kidogo.

Kila mtu alikuwa na jina la balaa lile. Wengine walisema ni sakitu, maana kule juu baridi ya usiku huweza kweli kuyaua masuke yakabaki meupe. Wengine walisema ni kutu, wengine jua la kati ya mvua. Majina yalitofautiana lakini ushauri ulikuwa mmoja: ongeza. Baba akaongeza mbolea ya kupandia, mwaka mwingine akaongeza na ya kukuzia. Kona ikazidi kuwa kijani mapema na kuzidi kuwa tupu mwishoni.

Aliyekata mzunguko huo ni mzee jirani yetu ambaye katika ujana wake alifanya kazi ya kupiga dawa kwenye mashamba makubwa. Alikuja kuomba majani ya ng'ombe, akasimama ukingoni, akaangalia.

"Mzee, hapa nimemaliza kila kitu," Baba alimwambia.

"Hujamaliza. Umerudia kitu kimoja. Mashamba ya upande huu sisi tulikuwa tunayapiga mrututu."

Baba alimwita bwana shamba. Majani machanga yakachumwa, yakapelekwa maabara, na majibu yakawa kama Mzee alivyosema: mrututu ni chumvi ya shaba, na shaba ndiyo iliyokosekana. Msimu uliofuata ile kona ilipuliziwa dawa ya shaba kabla masuke hayajatoka, unga kidogo kwenye maji mengi, na ikazaa. Haikuzaa kupita sehemu nyingine. Ilizaa sawa na wenzake, na hilo lilimtosha Baba kushinda amesimama pale jioni, mikono nyuma, asiseme neno.

Shaba ina kazi nyingi ndani ya ngano, lakini mbili ndizo zinazomuuma mkulima. Bila shaba chavua haiwi hai, na chavua ikifa punje haitungiki, hata jani liwe kijani namna gani. Bila shaba pia bua huwa dhaifu. Kwa hiyo mmea unaweza kupita miezi yake yote ya mwanzo ukisifiwa, na upungufu wake usijulikane mpaka siku ya kuchanua, siku ambayo kuusaidia ni kuchelewa. Ukipuliza shaba baada ya hapo unapulizia makapi.

Hata hivyo, lililonikaa rohoni zaidi ni kwamba ile mbolea iliyoongezwa kwa nia njema ilikuwa inaizidisha njaa. Wataalamu wa lishe ya mimea wanalijua jambo hili vizuri. Nitrojeni ikizidi, mmea hukua mbio na shaba haba iliyomo hugawanywa kwa majani mengi zaidi. Fosforasi ikizidi, ngano hushindwa kupata zinki ya kutosha. Chokaa, ambayo wakulima wa Uasin Gishu wanahimizwa kuitia kwa kuwa udongo wao una tindikali nyingi, ni tiba halali kabisa. Ikipita kipimo huzifunga zinki, manganizi, boroni na shaba, zikawemo ardhini na zisipatikane. Kila kimoja cha hivi ni chakula. Kila kimoja, kikirundikwa mahali ambapo hakikuwa ndicho kilichopungua, huziba njia ya kingine.

Hapo ndipo ngano ilipoanza kunifundisha mambo ya watu. Tunapomwona tunayempenda amenyong'onyea, ni mara chache tunauliza amepungukiwa na nini. Tunakwenda ghalani kwetu, tunaangalia tuna nini tele, na hicho ndicho tunachombebea. Mwenye pesa hutuma pesa. Mwenye maneno hutoa nasaha. Mwenye nguvu humfanyia kazi. Asipopata nafuu tunarudi kwenye ghala lilelile na kubeba zaidi, na kwa sababu mzigo ni mzito kweli, na jasho letu ni la kweli, hatuoni ni vipi mapenzi haya yanaweza kudhuru.

Shangazi yangu alifiwa na mumewe akabaki peke yake nyumbani, upande wa Molo. Wanawe ni watoto wema, nalisema hilo kwa moyo wote. Mmoja yuko Nairobi, mwingine Qatar. Walimnunulia jiko la gesi, wakamtafutia msichana wa kazi, wakauza ng'ombe wake ili asiamke tena alfajiri kwenye baridi ile, na kila mwisho wa mwezi simu yake ikalia kwa M-Pesa. Shangazi akaanza kukonda. Wakaongeza pesa. Akaacha kwenda kwenye chama cha akina mama. Wakamweka kijana wa kumlimia hata ile bustani ya sukuma nyuma ya nyumba. Akapelekwa hospitali, akapimwa hiki na kile, hakuna kilichoonekana zaidi ya umri wake. Nilipokwenda kumwona alinishika mkono na kuniambia, bila hasira yoyote, "Mwanangu, walinichukulia ng'ombe wakaniletea pesa ya maziwa."

Nilitembea na maneno hayo siku nyingi. Alipokuwa akiamka alfajiri kulikuwa na anayemngoja: ng'ombe anayelia zizini, kijana wa bodaboda anayekuja kuchukua maziwa, jirani anayebisha kuomba ya chai ya watoto na kuketi kidogo na habari za kijiji. Alichokosa, ukikipima kwa shilingi, ni kidogo mno: kiumbe cha kumhitaji kabla jua halijatoka. Na kila walichoongeza wanawe kilikuwa kinamwondolea sehemu nyingine ya hicho kidogo. Walipombebea jembe wakamfungia bustani. Walipomletea msichana wa kazi wakamfungia jikoni. Wema wao ulikuwa unafika nyumbani kila mwezi bila kukosa, na Shangazi anazidi kuwa kijani kwa nje na kupauka katika ncha.

Ng'ombe mmoja amerudi. Msichana wa kazi yupo bado, kwa sababu magoti ya Shangazi ni magoti ya mtu mzima na ndoo ya maziwa ni nzito. Pesa pia zinaendelea kuja, na ziendelee. Ngano inadai zile kilo 20 za nitrojeni kwa kila tani, wala hakuna shaba itakayokaa mahali pake. Mama asiye na pesa ya dawa hatatibiwa na kilio cha ng'ombe. Naogopa sana mafundisho yanayowaambia watu kwamba vikubwa si kitu, kwamba upendo unatosha. Maskini ndio huambiwa hivyo mara nyingi. Vikubwa ni vikubwa. Shida huanza pale vinapokwisha kutosha na sisi hatujui tufanye nini kingine.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, na darasani nimekutana na jambo hilihili. Msichana mmoja aliyekuwa akishuka muhula baada ya muhula aliongezewa tuisheni ya jioni, kisha ya alfajiri, kisha ya Jumamosi. Kila alama iliyoporomoka ilimletea saa nyingine ya vitabu. Alichopungukiwa ni usingizi, na kila tuisheni ilikuwa inaumega. Aliyegundua ni mwalimu mwenzangu, kwa kumwangalia mtoto mwenyewe saa nne asubuhi badala ya kuiangalia ripoti yake.

Naipenda njia ambayo virutubisho hivi vidogo viligunduliwa. Katika karne ya 19, Carl Sprengel na baada yake Justus von Liebig, wote wa Ujerumani, walikuwa wameeleza kwamba mavuno huamuliwa na kile kilichopungua kuliko vyote. Kanuni ilikuwepo, lakini orodha ilikuwa fupi. Mwaka 1923 Katherine Warington, akiwa Rothamsted, Uingereza, alionyesha kwamba maharage mapana hayawezi kuishi maisha yao kamili bila boroni. Mwaka 1926 Anna Sommer na Charles Lipman, California, walithibitisha kwamba mimea inahitaji zinki, na mwaka 1931 Sommer akaitia shaba kwenye orodha hiyo. Wanawake wawili hawa hawajulikani na mkulima yeyote wa ngano ninayemfahamu, kwa hiyo nayaandika majina yao kwa makusudi. Kazi ngumu ya Sommer haikuwa kuupa mmea kitu. Ilikuwa kuondoa. Maji na chumvi vilibidi visafishwe na kusafishwa tena, na vyombo vichaguliwe kwa uangalifu, kwa sababu chembe za madini zilizojificha katika chumvi ya kawaida ya maabara zinatosha kuulisha mmea na kuuficha ukweli. Mpaka alipokwisha kuondoa kila kilichousaidia mmea kimyakimya, ndipo mmea ukasema unachohitaji.

Nikilifikiria hilo nauona ujasiri wake. Kuondoa ni kugumu kuliko kuongeza. Anayeongeza huonekana anajali. Anayesimamisha mkono ili aone vizuri huonekana hana huruma. Binamu zangu wangesitisha kitu kimoja tu kwa mwezi mmoja, kijiji kizima kingewasema.

Mfano mkubwa kuliko kona yetu uko Uturuki. Anatolia ya kati, penye miji ya Konya na Eskişehir, ni uwanda mkavu wenye udongo wa chokaa, na ni moja ya ghala kuu za ngano za nchi hiyo. Wakulima wa huko walitia nitrojeni na fosforasi kwa miaka mingi, na mahali pengi ngano ikaendelea kudumaa. Zinki ilikuwemo ardhini. Chokaa, ukavu na uhaba wa mboji viliifunga isifike mizizini. Katika miaka ya 1990 watafiti, akiwamo İsmail Çakmak, walifanya majaribio ya zinki mashambani katika vituo sita. Kwa wastani mavuno yaliongezeka kwa asilimia 43, na katika kituo kilichokuwa na hali mbaya kuliko vyote yakafika zaidi ya mara sita ya yale ya shamba lisilotiwa zinki. Viwanda vya mbolea vikaanza kuchanganya zinki katika mbolea za kawaida, na nchi ile ikabadilika.

Zinki inayokosekana kwa ngano hukosekana pia kwa mla ngano. Mwaka 1961 daktari Ananda Prasad na wenzake waliandika habari za vijana wa vijijini karibu na Shiraz, Iran. Mmoja alikuwa na umri wa miaka 21 na umbo la mtoto wa miaka 10 hivi. Chakula chao kilikuwa mkate wa ngano, nyama haba sana, na wengi wao walikula udongo. Utafiti uliofuata nchini Misri ulionyesha kwamba vijana wa namna hiyo wamepungukiwa na zinki: mkate wa ngano isiyokobolewa una fitati, na fitati huikamata zinki tumboni isiingie mwilini. Hakuna aliyewanyima chakula vijana wale. Walikula wakashiba. Mtu mwenye huruma angefika kijijini pale, angewaona walivyodumaa, na angewaongezea mkate.

Siku hizi inajulikana kwamba zinki ikipuliziwa kwenye majani masuke yanapotoka na punje zinapoanza kujaa maziwa, huingia mpaka ndani ya punje. Mara nyingi magunia hayaongezeki kwa sababu hiyo, kwa hiyo mkulima anatumia pesa yake na faida inakwenda kwa mtoto asiyemjua, anayekula chapati mjini. Bei ya ngano haiulizi punje imebeba nini ndani. Ningekuwa na sauti mahali panapoamuliwa ruzuku za mbolea ningeliomba hilo kabla ya kitu kingine chochote: serikali ilipie zinki hiyo, maana mkulima hawezi kudaiwa aulee mwili wa taifa kwa mfuko wake peke yake.

Kuna habari ya jani kuukuu ambayo siwezi kuipita. Ngano ikipungukiwa na nitrojeni, majani ya chini ndiyo huanza kuwa manjano, kwa sababu mmea huichukua nitrojeni yao na kuyapelekea machanga. Mkubwa anajinyima, mdogo anakua. Shaba haiendi hivyo. Jani kuukuu likiwa bado kijani huikalia shaba yake, na jani changa lililo juu yake linapauka na kujisokota huku la chini limeshiba. Watafiti waliofuatilia safari ya shaba ndani ya ngano waliona kwamba shaba hiyo huanza kuondoka jani linapoanza kuzeeka. Na nitrojeni nyingi, kwa kuwa hulifanya jani libaki kijani muda mrefu, hulifanya pia liendelee kuikalia. Jani kuukuu halina choyo. Halijafunguliwa njia tu.

Baba alikuwa na afya njema mpaka uzeeni. Tulijivunia hilo. Wageni walimsifu, sisi tukamsifu, kwamba Mzee bado anapanda trekta mwenyewe, anajua mwenyewe tarehe ya kupanda, anaongea mwenyewe na wenye kombaini. Kaka yangu alikuwa mtu mzima mwenye watoto na bado anangoja kuambiwa aanzie upande gani. Kisha miguu ya Baba ikakataa. Katika ile miaka yake ya mwisho, ameketi kwenye kiti cha kamba barazani, ndipo yote yalipoanza kushuka: wapi ardhi ni ngumu chini ya shubiri mbili, upepo wa mwezi wa saba huipeleka dawa upande gani, jirani yupi ukimkosea maji utajuta, na ile kona ya korongoni inataka nini. Kaka yangu alikuwa akirudi kutoka barazani pale amenyooka. Nawaza mara kwa mara kwamba sifa zetu zilikuwa zinamweka Baba kijani. Tulimpenda kwa kile alichokuwa anakifanya mwenyewe, hatukumwonyesha kwamba tungempenda vilevile kwa kile atakachokiachia.

Sasa madukani kuna chupa za kila namna za mbolea ya kupulizia, watu wanaziita busta, zenye shaba, zinki, boroni, manganizi, chuma na molibdeni pamoja. Zimewasaidia wengi na sizikatai. Ila chupa yenye vyote huweza kuwa njia mpya ya kutouliza. Boroni ikikosekana wakati wa kuchanua, masuke hubaki na mapengo yasiyo na punje, jambo lililowatesa wakulima wa Nepal na Bangladesh. Ikizidi huunguza ncha za majani, na huko Australia Kusini kuna mashamba ambayo ngano yake huumia kwa boroni iliyozidi kwenye udongo wenyewe. Kati ya njaa na sumu nafasi ni nyembamba. Shaba nayo ikishaingia ardhini haitoki upesi. Kwenye mashamba ya kahawa ya Kenya na ya Kilimanjaro, ambako dawa za shaba zimepuliziwa kizazi baada ya kizazi kuzuia magonjwa ya kahawa, watafiti wameikuta imelundikana udongoni. Kwa hiyo katika kanda ileile kahawa imesimama juu ya shaba iliyopita kiasi, na kwingine ngano inaililia. Ushauri uliomwokoa mkulima mmoja unaweza kumharibia mwenzake, na wote wawili ni wakulima wazuri.

Basi inabidi kuuliza, na kuuliza kuna adabu yake. Jani la kupeleka maabara ni changa, lile lililofunguka karibuni, kwa sababu la chini litakupa habari za shibe yake. Liwekwe kwenye mfuko wa karatasi lisije likaoza njiani. Na udongo wa kupimwa zinki usikusanywe kamwe kwa ndoo ya bati. Bati limepakwa zinki, chembe zake huingia kwenye udongo, na maabara itakupimia zinki ya ndoo yako na kukwambia shamba limeshiba. Niliposikia hilo mara ya kwanza nilimkumbuka Shangazi. Wanawe walimuuliza kila mwezi bila kukosa, kwa heshima na mapenzi: "Mama, pesa imefika?" Naye akawajibu kweli, kwamba imefika.

Msimu huu kaka yangu anataka kupulizia shaba tena upande wote wa korongo. Miaka imepita tangu ile dawa ya Baba, na huenda shaba yake bado imo ardhini, huenda imepungua. Sampuli za majani tutazipeleka maabara ngano itakapochipuza. Yeye anaona tusingoje majibu yazunguke, tupige tu, hasara ni ndogo. Nimekubali wapige, kwa sharti moja: ukanda mmoja kutoka barabarani mpaka korongoni, upana wa bomba la trekta likikunjuliwa, uachwe bila kitu. Bila ukanda huo ngano ikizaa tutaishukuru dawa, isipozaa tutaiongeza, na hatutakuwa tumejua lolote.

"Dada," ameniambia, "unaoniachisha hapo ni magunia."

Ni magunia kweli. Nimemwambia yatakayopungua nitayalipa mimi kutoka kwenye mshahara, na vigingi vya kuuwekea alama nimekwisha kuvikata.